Damu ya Meno Si ya Meno

Kwa Kiswahili, meno ndiyo yanayotoka damu. Mtu akipiga mswaki, akatema, akaona mate yamegeuka mekundu, atasema "meno yananitoka damu" na kila amsikiaye ataelewa. Lakini damu ile haitoki jinoni. Inatoka kwenye ufizi, katika kidonda chembamba kinachoizunguka shingo ya jino na ambacho jicho halikioni. Upande mmoja wa kidonda hicho kuna ukoga uliojaa bakteria. Upande wa pili kuna mishipa ya damu, na damu hiyo hiyo dakika moja baadaye itakuwa imepita moyoni.

Shangazi yangu alitema damu ya namna hiyo kwa miaka. Nilipokuwa nakwenda kwake Tanga wakati wa likizo, nilimwona kila asubuhi akisukutua uani na kopo lake la maji, na povu alilotema mchangani lilikuwa jekundu. Siku moja nilimuuliza. "Hiyo damu ya meno tu, mwanangu," alinijibu. "Hata bibi yako alikuwa nayo." Wakati huo alikwisha kuwa na kisukari, na kila mwezi alikwenda kliniki bila kukosa. Huko alipimwa uzito, presha na sukari. Aliulizwa kama macho yanaona vizuri. Alivuliwa viatu ili nyayo zikaguliwe, zisije zikawa na kidonda asichokihisi. Miaka ikapita, na hakuna hata mmoja aliyemwambia afungue mdomo.

Sisemi hivyo kuwalaumu wauguzi wale. Walifanya walichofundishwa, na walifundishwa kuwa mdomo ni chumba cha watu wengine: cha daktari wa meno, mwenye kiti, koleo na sindano ya ganzi, ambaye huendewa pale maumivu yanapokataa panadoli. Ninalotaka kulisema ni kwamba ukuta huo kati ya kinywa na mwili tumeujenga wenyewe. Bakteria wa kinywani hawautambui, na kinga ya mwili haijawahi kuutambua.

Tuanze na jino lenyewe. Mwili umefunikwa kote, nje kwa ngozi na ndani kwa utando laini, na kifuniko hicho hakina pengo. Jino ndilo kitu kigumu kinachokipenya kikatokeza nje, mzizi ukabaki ndani ya mfupa. Ni kama mlingoti uliopenya sitaha ya jahazi: maji yakitafuta njia ya kuingia, yataitafutia pale. Mwili unalijua hilo tangu zamani, ndiyo maana umeweka doria isiyolala. Katika kinywa chenye afya, seli nyeupe za damu ziitwazo neutrofili hutoka kwenye mishipa na kupenya kwenye ufa kati ya jino na ufizi kwa kiwango kinachokadiriwa kuwa 30,000 kila dakika. Mate nayo yamebeba kingamwili zinazowanasa bakteria kabla hawajajishika, pamoja na protini zinazowatoboa au kuwanyima madini ya chuma.

Na bakteria wenyewe ni wengi. Mwaka 1683, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, alikwangua utando mweupe kati ya meno yake, akautia chini ya darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake, na akawaona viumbe wadogo wakiogelea. Leo wanasayansi wamekwisha kutambua zaidi ya aina 700 katika vinywa vya binadamu. Wengi wao ni wapangaji wema. Wako walio juu ya ulimi, kwa mfano, wanaoibadilisha naitreti iliyomo katika mchicha na mboga nyingine za majani ili mwili uitumie kulegeza mishipa ya damu, na watu wanaosukutua kila siku kwa dawa kali ya kuua vijidudu huwaua hao pia, presha yao ikapanda kidogo. Kwa hiyo ndoto ya kinywa kisicho na bakteria ni ndoto mbaya. Amani ya kinywa ni ya kuishi nao huku kila upande ukiujua mpaka wake.

Amani hiyo huvunjika upesi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1965, Harald Løe na wenzake mjini Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kabisa kupiga mswaki. Kati ya siku ya 10 na ya 21, wote walikuwa na fizi nyekundu zilizovimba. Waliporudia mswaki, fizi zilipona ndani ya wiki moja hivi. Tangu siku hiyo kila mwalimu wa afya amekuwa na jibu rahisi: uchafu huleta bakteria, bakteria huleta ugonjwa, piga mswaki. Ni jibu la kweli, ila ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili Løe huyo huyo aliikuta mbali na Denmark.

Alikwenda Sri Lanka, kwenye mashamba ya chai, akawafuatilia vibarua 480 kuanzia 1970 hadi 1985. Walikuwa watu ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno wala hawakupata tiba yoyote ya kinywa. Meno yao wote yalifunikwa na ukoga na ugaga. Kama uchafu peke yake ndio unaoamua, wote wangepaswa kuharibikiwa sawasawa. Haikuwa hivyo. Asilimia 8 waliharibikiwa upesi, mfupa ukaliwa na meno yakaanguka wangali vijana. Asilimia 81 waliendelea kuharibikiwa kwa mwendo wa wastani. Na asilimia 11, katika ukoga ule ule, hawakuvuka hatua ya fizi kuvimba.

Nasi tuna ushahidi wetu wa nyumbani, na inanisikitisha kwamba hautajwi sana. Mwaka 1988, Vibeke Baelum na Ole Fejerskov wa Denmark, pamoja na Firoze Manji, Mkenya aliyesomea udaktari wa meno kabla hajajulikana kwa uanaharakati na uchapishaji wa Pambazuka, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 1,131 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 katika eneo la Machakos. Ukoga na ugaga ulikuwa kwa karibu kila mtu. Lakini uharibifu mkubwa, ule wa mfupa kushuka na jino kuanza kucheza, ulilundikana kwa watu wachache katika kila rika. Wakati huo vitabu vya Ulaya vilikuwa vikiandika kana kwamba Mwafrika asiye na mswaki wa dukani amekwisha hukumiwa kung'oka meno. Machakos ilisema vingine. Mwenye shamba na jirani yake, chakula kimoja na ukoga mmoja, mmoja anazeeka na meno yake na mwingine anayapoteza. Kinachowatofautisha kwa sehemu kubwa ni namna mwili wa kila mmoja unavyojibu.

Hapa ndipo panaponivutia kuliko pote katika habari hii, na msomaji anivumilie nikikaa kidogo. Anayebomoa mfupa unaoshika jino si bakteria. Ni mwili wenyewe. Kinga inapokaa katika hali ya vita kwa muda mrefu, hali ambayo madaktari huiita mchochota, hutoa kemikali zinazoziamsha seli za mwili ambazo kazi yake ya kawaida ni kuvunja mfupa mkuukuu ili mpya ujengwe. Zikiamshwa bila kupumzishwa, zinavunja tu. Ni kama mwili unarudi nyuma kuukimbia moto, ukibomoa nyumba zake mwenyewe ili moto usifike mbali.

Na wako bakteria waliojifunza kuutumia moto huo. Mmoja wao, aitwaye Porphyromonas gingivalis, hahitaji kuwapo kwa wingi. Mwaka 2011, kundi la George Hajishengallis nchini Marekani lilionyesha kwamba idadi ndogo sana ya bakteria huyu katika vinywa vya panya ilitosha kugeuza mwenendo wa bakteria wengine wote, na mfupa ukaanza kuliwa. Lakini alipopandikizwa peke yake katika panya waliolelewa bila bakteria wowote, hakudhuru mfupa. Kazi yake ni uchochezi. Ana vimeng'enya vinavyoikata protini moja ya kinga iitwayo C5, na kipande kinachokatika huwaita neutrofili waje kwa wingi. Wakifika, huwavurugia mawasiliano ya ndani kiasi kwamba wanaendelea kumwaga sumu zao kwenye tishu ila hawaui. Kwa nini bakteria amwite adui yake? Kwa sababu analishwa na uharibifu. Hali sukari kama wale wanaotoboa meno. Anakula mabaki ya protini na chuma kutoka kwenye damu. Ufizi unaovuja damu kwake ni meza iliyoandaliwa.

Wengine hutumia nguvu ya wazi. Kuna ukoo mmoja wa bakteria aina ya Aggregatibacter, uitwao JP2, unaopatikana zaidi Afrika Kaskazini na Magharibi na kwa watu wenye asili ya huko, ambao hutengeneza kwa wingi sumu ya kuua seli nyeupe. Utafiti uliofanyika Rabat, Morocco, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwafuata vijana waliokuwa na fizi nzima: waliokuwa na ukoo huo peke yake walikuwa na hatari mara 18 ya kuanza kuugua ndani ya miaka miwili.

Kisha kuna watoto wachache duniani wanaozaliwa na kasoro inayozizuia neutrofili kutoka kwenye mishipa ya damu. Meno yao huharibika tangu utotoni, na kwa muda mrefu ilidhaniwa sababu iko wazi: walinzi hawapo, bakteria wamevamia. Niki Moutsopoulos na wenzake, huko Marekani, walipochunguza fizi za wagonjwa hao, mwaka 2014 walieleza jambo jingine. Neutrofili wanapofika kwenye tishu hufanya kazi mbili: huua, na pia hutoa ishara ya kupoza vita. Wasipofika, breki haipo, na kemikali iitwayo interlukini-17 hutolewa bila kikomo. Mwaka 2017 mgonjwa mmoja alipewa dawa inayokata mnyororo huo wa ishara, dawa isiyoua bakteria hata mmoja, na fizi zake zikatulia. Mimi si daktari, lakini niliposoma habari ile nilielewa kwa nini dawa ya meno ya bei ghali haikuwahi kumsaidia shangazi.

Maana kisukari hufanya jambo la jamaa na hilo. Sukari ikikaa juu, neutrofili huwa wazito wa kuua na wepesi wa kuchochea, na vidonda havifungi. Ndiyo sababu mwenye kisukari yuko katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa fizi. Na njia hii ina magari ya kwenda na kurudi: kemikali zinazomwagwa na fizi zilizochochewa huingia kwenye damu na kuzifanya seli za mwili zisiisikie insulini, sukari ikapanda tena. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari waliotibiwa fizi, kwa kukwanguliwa ugaga hadi chini ya ufizi, kipimo chao cha sukari cha miezi mitatu kilishuka kwa wastani wa pointi 0.43 za asilimia. Kwa mtu anayepambana na sukari, hicho si kiasi cha kudharau, na kimepatikana bila kidonge kipya.

Moyo nao una habari yake, na katika Afrika Mashariki habari hiyo ni nzito. Kwetu bado wako vijana wengi wenye vali za moyo zilizopata kovu kutokana na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Kila tunapotafuna kwa fizi mbovu, bakteria kidogo huingia kwenye damu, na kwa mtu mwenye vali laini kinga huwafagia ndani ya dakika. Kwenye kovu hupata pa kushika. Bakteria wa kundi la streptokoki, wapole kabisa wakiwa mdomoni, hujenga makao juu ya vali hiyo na kumletea kijana homa zisizoisha, pengine na kifo. Kwa kijana huyo daktari wa meno ni daktari wa moyo. Hata maungo hayakuachwa: mwaka 2023 watafiti wa Marekani waliofuatilia damu ya wagonjwa wa baridi yabisi waliona kuwa wale wenye ugonjwa wa fizi walikuwa wakivujisha bakteria wa kinywani kwenye damu tena na tena, na kingamwili za ugonjwa huo zilizokuwa zikishambulia viungo zilikuwa zikiwatambua bakteria hao pia.

Lazima niseme hapa nilipo na hofu. Kuunganisha kinywa na mwili kumewahi kuleta maafa. Mwaka 1910 daktari William Hunter wa Uingereza alihutubia Montreal akidai kuwa usaha wa kinywani ndio chanzo kilichofichika cha magonjwa mengi, na kwa miaka iliyofuata watu wa Marekani na Uingereza waling'olewa meno mazima kwa maelfu. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, daktari Henry Cotton aliwang'oa wagonjwa meno, kisha akaendelea na viungo vingine, akiamini anaondoa chanzo cha wazimu. Sisi tulikuwa na yetu. Katika miaka ya 1980 na 1990 wazazi wengi Tanzania, na vivyo hivyo Uganda ambako huitwa ebino, waliambiwa kuwa homa na kuhara kwa mtoto mchanga kunatokana na "meno ya plastiki", na fizi za watoto zikachimbwa kwa kisu au spoku ya baiskeli ili kutoa vichipukizi vya meno vilivyokuwa vizima. Mzazi yule aliona kwa jicho la kweli kwamba mdomo na homa vimekutana. Alikosea tu nani amemfanya nani, na mtoto akalipa kwa damu.

Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba kusafisha fizi kutazuia kila kitu. Wajawazito wenye fizi mbovu hujifungua kabla ya wakati mara nyingi zaidi kuliko wengine, lakini jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2006 lililowatibu fizi wakiwa wajawazito halikupunguza kuzaliwa kwa njiti. Fizi zao zilipata nafuu, na hilo lenyewe lilistahili kufanywa.

Lakini kama yuko mtu anayeamini bado kwamba fizi ni jambo la urembo, atazame noma. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mnamo Desemba 2023, baada ya Nigeria kuongoza madai. Huanza kama damu ya meno tu. Mtoto wa miaka miwili hadi sita, aliyedhoofishwa na njaa, akitoka kuugua surua au malaria, anapata kidonda kwenye ufizi. Bakteria ni wale wale wa kinywani, noma haiambukizi. Kilichobadilika ni kinga iliyoanguka. Ndani ya siku chache kidonda hula shavu, kisha mfupa, na bila tiba hadi watoto 9 kati ya 10 hufa. Wanaopona hubaki na taya zilizofungana na uso ambao kijiji kinauficha. Ukigunduliwa ukiwa bado ufizini, tiba yake ni antibiotiki za kawaida, kusafisha kidonda na chakula. Ulaya iliujua ugonjwa huu, ukatoweka watu waliposhiba, ukarudi katika kambi za Wanazi za Auschwitz na Bergen-Belsen kwa sababu huko watu walifishwa kwa njaa. Katika hospitali ya noma ya Sokoto leo, madaktari wa upasuaji wanazijenga upya nyuso za watoto ambao kidonda chao kingeonekana mapema kama yeyote angewafungua mdomo siku walipopelekwa kupimwa uzito.

Ninaposema tufungue midomo ya wagonjwa, naomba kitu kidogo mno. Kliniki ya kisukari inayokagua nyayo ikague na fizi: inahitaji tochi na kijiti cha kugandamizia ulimi. Kliniki ya watoto inayopima mzingo wa mkono inyanyue na mdomo wa juu. Kliniki ya wajawazito, ya moyo, na ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zifanye hivyo hivyo. Na kitengo cha kinywa na meno kipewe watu na vifaa vya kukwangua ugaga, si koleo peke yake, maana kwa watu wengi ninaowafahamu kwenda kwa daktari wa meno maana yake ni kwenda kung'olewa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba zaidi ya watu bilioni 1 wana ugonjwa wa fizi uliofikia hatua mbaya. Hatuwezi kuwasubiri wote kwenye kiti cha kung'olea. Mvutaji wa sigara aangaliwe kwa makini zaidi, kwa kuwa nikotini huibana mishipa na kuificha damu ile ambayo ingemwonya.

Daftari la kliniki la shangazi ninalo mimi sasa. Lina jalada la bluu lililofungwa kwa plasta, na ndani mistari imepigwa kwa rula: tarehe, uzito, presha, sukari, miguu. Katika ukurasa wa mwezi Machi, mwaka mmoja kabla hajamaliza meno ya juu, sukari imeandikwa kwa wino mwekundu, na pembeni muuguzi ameongeza: ashauriwe kuhusu chakula. Mwezi huo naukumbuka. Alikuwa amejifunga shavu kwa kanga kwa sababu ya jipu la ufizi, na kwa siku sita hakuweza kula chochote zaidi ya uji.